KICC ya Nairobi au Échangeur ya Limete: msafiri wa Lubumbashi achague ipi?

Ukivuta mstari kwenye ramani kutoka Lubumbashi, utaona kwamba Nairobi na Kinshasa ziko karibu umbali mmoja na sisi: kilomita 1500 na kitu kwa njia ya anga, moja kaskazini-mashariki, nyingine kaskazini-magharibi. Ukienda Nairobi unasogeza saa yako mbele kwa saa moja, ukienda Kinshasa unairudisha nyuma kwa saa moja. Watu wetu wanakwenda pande zote mbili. Kinshasa kwa sababu balozi nyingi ziko kule, katika komini ya Gombe, na kuna karatasi ambazo bila kufika kule haziishi. Nairobi kwa sababu ya biashara, hospitali, shule za watoto, au kubadilisha ndege tu kuelekea Dubai na Guangzhou.

Katika safari za namna hiyo kuna nusu siku inayobaki mkononi. Viza inatoka kesho, au ndege inaondoka usiku na mzigo umeshafungwa. Miji yote miwili ina jengo moja refu ambalo ndilo sura yake kwenye picha: Nairobi ina KICC, yaani Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, na Kinshasa ina mnara wa Échangeur pale Limete. Wengi wanaouliza waende wapi wanaanza na swali la urefu. Ukichagua kwa urefu utachagua vibaya, na nitaeleza kwa nini.

Mita za kutazama na mita za kupanda

Mnara wa Limete una mita 210. KICC ina etaji 28 na mita 105 hivi, ambayo ni nusu. Tena KICC si refu hata kwao: ilipitwa na Times Tower yenye mita 140, na sasa kule Upper Hill kuna Britam Tower ya mita 200. Kwa namba peke yake, Limete imeshinda kabla hatujatoka Luano, uwanja wetu wa ndege.

Ila mita zinazomfaa mgeni ni zile anazoweza kuzipanda. KICC unaonyesha paspoti, begi linapekuliwa, unalipa, unaingia asenseri, unamalizia ngazi chache kwa miguu, halafu unatokea nje kabisa, juu ya paa, kwenye uwanja wa kutulia helikopta. Hakuna kioo mbele yako, ni upepo na ukingo wa chuma. Échangeur ni jambo jingine. Hilo si jengo la ofisi wala hoteli, ni mnara wa ukumbusho, nguzo za zege zilizosimama pamoja katikati ya makutano ya barabara. Panga safari yako kama mtu atakayesimama chini na kuinua kichwa. Siku hiyo wakikufungulia ndani, hiyo ni faida juu ya faida, lakini usimuahidi mtoto kwamba atapanda.

Kwa hiyo anayetaka kuona mji kutoka juu, jibu lake ni Nairobi, na anaweza kuacha kusoma hapa. Anayebaki ni yule anayejiuliza ni ipi itakayomwachia kitu kichwani. Huyo ana kazi kubwa zaidi.

Juu ya paa la KICC

Kwanza, jengo hili utalishika kabla hujaliona. Noti zote za Kenya zilizotoka tangu 2019 zina picha yake, pamoja na sanamu ya Jomo Kenyatta aliyeketi uani. Ukishabadilisha dola zako pale uwanja wa ndege, toa noti moja uiangalie, kisha ulifananishe na lile litakalokuwa mbele yako.

Ujenzi ulianza 1967 na kumalizika 1973. Waliolichora ni Mnorwe Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso. Mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU. Halafu Nairobi ikapewa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa Septemba 1973, wa kwanza wa aina hiyo kufanyika Afrika, na mradi wa makao ya chama ukakua ukawa jumba la kupokea dunia. Ndiyo maana kuna vitu viwili pale chini ambavyo havifanani: mnara mrefu wenye pembe nyingi, na pembeni yake ukumbi wenye paa la kuchongoka kama msonge. Rangi yake ni ya udongo mwekundu. Mtu aliyekulia kwenye vumbi la komini zetu za Katuba au Ruashi hataiona ngeni.

Juu, zunguka. Usisimame upande mmoja ukapiga picha ishirini za kichwa chako. Magharibi kuna Uhuru Park, kisha majengo marefu ya Upper Hill, na nyuma yake mgongo wa vilima vya Ngong. Kusini kuna stesheni ya reli, halafu eneo la viwanda, halafu ghafla mji unakatika na nyika inaanza. Hiyo nyika ni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ambamo simba wanaishi wakiyaona majengo haya haya. Asubuhi iliyo safi sana, kaskazini unaweza kuupata Mlima Kenya. Wengi hawaupati, basi usiufanye kuwa sababu ya kwenda.

Mimi ningekaa zaidi upande wa stesheni. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli tu, mahali pa kupumzisha garimoshi kabla ya kupanda milima. Lubumbashi ilianza 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika kuchukua shaba. Miji miwili ya bara, mbali na bahari, iliyozaliwa na chuma cha reli. Kutoka juu unaona kwa macho yako jinsi mji wao ulivyoanzia kwenye reli ukapanda kuelekea kaskazini. Sisi bado tunaisoma historia yetu kutoka chini, tukiangalia bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na lile lima la taka nyeusi za shaba lililo karibu yake. Anayetoka kwetu anaelewa picha ya Nairobi haraka kuliko mtalii wa Ulaya anayetafuta twiga kwa darubini.

Ukitazama chini ya miguu yako, magharibi kidogo, kuna Bunge na mnara wake wa saa. Ndani ya ua wa Bunge ndimo alimozikwa Jomo Kenyatta. Mwananchi wa kawaida haingii kulitembelea kaburi hilo, na askari wanaolilinda hawataki kuona simu imeelekezwa kwao ukiwa barabarani. Shika jambo hilo, tutalirudia Limete.

Ukishuka na bado una muda, tembea kwa miguu hadi bustani ya ukumbusho wa tarehe 7 Agosti, mahali palipokuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Si mbali.

Limete, chini ya mnara

Hapa sitajifanya sina upande. Mtu wa Lubumbashi ana deni na mahali hapa ambalo mtu wa Matadi au wa Mbandaka hana.

Mnara wenyewe ni kazi ya Olivier-Clément Cacoub, msanifu aliyezaliwa Tunisia na aliyejenga sana kwa marais wa Afrika. Ulipandishwa miaka ya 1970, wakati wa Rais Mobutu, na ulikusudiwa kumuenzi Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye Mobutu huyohuyo aliyeshiriki kumwangusha alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Msomaji ajazie mwenyewe. Kwa miaka mingi zege lilisimama pale bila kumaliza kazi yake, watu wakipita chini yake wakielekea sokoni au uwanja wa ndege. Baadaye ikaja sanamu ya Lumumba ameinua mkono.

Kilichobadilisha mahali hapa ni mwaka 2022. Tarehe 20 Juni, huko Bruseli, Ubelgiji iliwarudishia watoto wa Lumumba jino la baba yao, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Jeneza likazungushwa nchini: Sankuru alikozaliwa, Kisangani alikojenga nguvu zake za siasa, na huku kwetu, hadi Shilatembo, mahali alipouawa. Tarehe 30 Juni likazikwa Limete, katika kaburi la heshima lililojengwa chini ya mnara.

Sasa fikiria njia yako. Unapanda ndege Luano. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye uwanja huohuo wa Luano wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku uleule waliuawa porini, nje ya mji. Unatua N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, unachukua barabara ya Lumumba kuelekea mjini, na kabla ya kufika Gombe mnara unasimama mbele ya kioo cha taksi. Yaani safari ya Lubumbashi hadi Limete, kwa njia ya kawaida kabisa ya mtu anayekwenda kuombea viza, ni safari ambayo Lumumba mwenyewe aliimaliza baada ya miaka 61. Sijui mnara mwingine wowote Afrika ambapo kufika tu kwa ndege kutoka nyumbani kwako kunakuwa sehemu ya ziara.

Na hapo turudi kwa Kenyatta. Nairobi unaweza kupanda juu ya mji, lakini kaburi la mwanzilishi wa taifa unalitazama kwa mbali. Limete kupanda si jambo la kutegemea, lakini kaburi liko palepale chini, na wewe umesimama mbele yake. Mtu anayependa mandhari ataiona Limete kuwa zege na moshi wa magari. Aliyekuja na babu aliyekuwa kijana wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya zamani, mwaka 1961 hatasema hivyo, na babu huyo asiharakishwe.

Walinzi wapo. Salimia kwanza, eleza umetoka wapi, omba ruhusa kabla ya kutoa simu. Kinshasa kupiga picha majengo ya serikali, uwanja wa ndege au mto kunaweza kukuletea mazungumzo marefu na mtu wa usalama, na mazungumzo hayo huwa na bei.

Hali ya hewa itakayokushangaza

Hili wengi wa Lubumbashi wanalikosea. Kwetu, Juni hadi Agosti ni baridi usiku lakini mbingu ni bluu, hakuna wingu hata moja. Tunadhani kiangazi ni kiangazi kila mahali. Kinshasa, kiangazi ni wakati wa anga la kijivu, jua limejifunika wiki baada ya wiki, na kilele cha mnara kinakosa rangi. Nairobi nayo, Julai na Agosti ni miezi ya baridi na mawingu, na juu ya paa lile, kwenye mji ulio karibu mita 1700 juu ya bahari, upepo si wa mchezo. Beba koti lile unalolivaa asubuhi za Juni kwenda kazini.

Kwa KICC, miezi mizuri ni Januari na Februari, wakati huku kwetu mvua inatuzamisha barabarani. Kwa Limete, subiri mvua ipige kisha ikatike: saa moja baadaye anga limeoshwa, na picha inatoka vizuri kuliko siku yoyote ya kiangazi.

Pesa, njia, lugha

Tiketi ya KICC si kitu cha kukuzuia. Bei inatofautiana kati ya mwananchi na mgeni, basi uliza dirishani unahesabiwa vipi, maana Kongo iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tatizo dogo ni namna ya kulipa: Nairobi imezoea kulipa kwa simu, na mtu asiye na M-Pesa anaweza kujikuta anamwomba mwenyeji wake amlipie kisha amrudishie noti. Panga hilo mapema. Limete pesa yako itakwenda kwenye taksi na kwenye muda.

Muda ndio gharama halisi ya Kinshasa. Barabara ya Lumumba ikifunga, imefunga. Ukitoka Gombe mchana kwenda Limete kisha urudi kabla ya ofisi kufungwa, umecheza bahati nasibu. Ushauri wangu: usiifanye Échangeur kuwa safari ya peke yake. Iweke siku ya kuondoka, ukiwa njiani kwenda N'djili, utoke mapema sana, mizigo ikiwa ndani ya gari na mtu mnayeaminiana akibaki nayo. Nairobi, kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni kilomita 15 au zaidi kidogo, na tangu 2022 kuna barabara ya juu ya kulipia inayoruka msongamano. Mtu wa transiti mwenye saa saba au nane anaweza kwenda, kupanda, kula, na kurudi bila kukimbia. Mwenye saa tano abaki uwanjani na kahawa yake.

Chakula sitalinganisha, tutagombana bure.

Lugha ni jambo ambalo halionekani kwenye mabango ya watalii lakini linabadilisha siku yako. KICC utaongea Kiswahili chako na watakusikia. Watatabasamu, watakuuliza umetoka wapi, wengine watakutajia mwanamuziki wa Kikongomani hata kabla hujamaliza jibu, lakini utaulizia bei, njia na choo bila mkalimani. Kinshasa, nchini mwako mwenyewe, bila Lingala au Kifaransa cha haraka unaanza kuonekana mgeni, na bei ya taksi inajua hivyo. Mama wa biashara wa Kenya (namaanisha Kenya yetu, komini ya hapa mjini) huwa anajisikia yuko nyumbani zaidi katika Kenya ya watu. Ni kichekesho, lakini ni kweli.

Siku za kuepuka

Nairobi, angalia habari kabla ya kutoka hotelini. KICC iko hatua chache kutoka Bunge, na tangu maandamano ya Juni 2024, waandamanaji walipoingia hadi ndani ya Bunge tarehe 25, polisi hawasiti kufunga barabara za katikati ya mji kukiwa na tetesi za maandamano. Pia likiwa na mkutano mkubwa wa wageni wa serikali, jengo linakuwa na walinzi wengi na mgeni wa kawaida anachelewa. Asubuhi, piga simu au mwombe mwenyeji apite kuuliza.

Limete, tarehe 17 Januari na 30 Juni ni siku za kumbukumbu. Kwa wengine hizo ndizo siku za kwenda. Kwa mwenye ndege ya jioni ni siku za kukaa mbali, kwa sababu viongozi wakija barabara inakuwa yao.

Nani aende wapi

Wenye watoto: KICC. Mtoto anataka asenseri, upepo na magari madogo chini, na mkono wake usiuachie kwenye ukingo. Mzee mwenye magoti mabaya: Limete, kwa sababu ngazi za mwisho za KICC hazina huruma. Anayeogopa urefu, vilevile Limete. Mwanafunzi wa ujenzi au wa usanifu aone zote mbili, na ajiulize kwa nini jengo la 1973 lililoanza na matumizi halisi linafanya kazi hadi leo, na mnara wa miaka ileile ulioanza na sifa ulichukua karibu nusu karne kupata maana yake. Mpiga picha aende Nairobi, jua likianza kulala upande wa Ngong.

Wachumba? KICC, bila majadiliano.

Aliyepotelewa na mzazi au babu katika mambo ya kujitenga kwa Katanga ya miaka ile, na watu hao ni wengi kuliko tunavyosema, asihangaike na mita wala mandhari. Aende Limete hata kama atakaa pale dakika ishirini tu.

Na atakayeniuliza kwa nini sikuweka Carlton Centre, jengo refu la Johannesburg, maana nusu ya mji huu inajua Johannesburg kuliko Kolwezi: hapa nimelinganisha miji mikuu, na Johannesburg si mji mkuu. Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu na hiyo haimo.

Karatasi za safari: kwa Kinshasa ni gopasi ya ndani, yaani ushuru wa uwanja wa ndege, na kitambulisho kinatosha. Kwa Nairobi, gopasi ya kimataifa ni ghali zaidi, lakini tangu Septemba 2023 Mkongomani haombi tena viza ya Kenya. Kadi ya njano ya chanjo, iweke ndani ya paspoti, siyo kwenye begi linaloingia chini ya ndege.